Mto Hauna Rivasi: Shajara ya Gemu ya Sabaki

6 Aprili

Nimeanza rasmi. Faili la kwanza lina mistari kumi na mmoja na halifanyi lolote ila kuchora mstari wa kahawia kwenye skrini ya kijivu. Mstari huo ndio Mto Sabaki.

Kwa wanaoniuliza barazani, maana habari imeshaenea nusu ya Malindi: ndiyo, ni gemu, na la, haina bunduki. Kuna msichana, Kadzo, aliyekwama chini ya Maporomoko ya Lugard, ndani ya Tsavo Mashariki. Bara kumenyesha kupita kiasi, barabara zimekatika, na njia ya kurudi kwao pwani ni moja tu. Ana mtumbwi, upondo na kisu. Anashuka. Kila anapoegesha anaamua: atafute chakula, alale, au asukume tena kabla giza halijaingia.

Wazo lilinijia baada ya kucheza The Flame in the Flood, gemu ya Wamarekani iliyotoka mwaka wa 2016. Humo msichana na mbwa wake wanashuka mto uliofurika kwa chelezo. Niliicheza hadi adhana ya alfajiri, na nilipoifunga nikabaki na kijiwivu: mbona mto kama huo tunao hapa nyuma ya mji, na hakuna aliyeuchezea?

Mto wetu una majina matatu. Unatoka bara ukiitwa Athi, ukishapokea maji ya Tsavo unakuwa Galana, na ukikaribia pwani ni Sabaki. Kilomita 390 hivi kwa jumla, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Mimi nachukua kipande cha mwisho tu, na hicho nacho nimekifupisha, kwa sababu hakuna atakayekubali kukaa wiki nzima mbele ya skrini akipiga upondo.

13 Aprili

Vifaa. Injini, yaani programu ya kuundia gemu, ni Godot, haina ada. Michoro natengeneza kwa Blender, nayo ni ya bure. Laptopu ni ya mitumba, kumbukumbu ya muda (RAM) gigabaiti 8, betri inakaa dakika arobaini ikiwa na imani. Basi, tuendelee.

27 Aprili

Nina mto unaopinda.

Ukiiambia kompyuta ichore mto kwa nasibu tupu, inakupa mikunjo mikali kama mwandiko wa mtu mwenye homa. Kuna hesabu aliyoibuni Ken Perlin miaka ya 1980 inayoilainisha nasibu: kila namba inajuana na jirani yake, kwa hiyo mstari unapanda na kushuka taratibu. Niliitumia hiyo. Kila mto unazaliwa kutokana na namba moja, ambayo nimeiita mbegu. Ukipanda mbegu ileile unavuna mto uleule, kona kwa kona. Ukibadilisha, unapata mto ambao hata mimi sijauona.

Nilijisifu siku mbili. Kisha Mjomba akaja kunywa kahawa. Sasa ni mvuvi wa baharini, lakini alikulia Lango Baya akivusha watu kwa mtumbwi. Aliitazama skrini kitambo, kikombe mkononi.

"Huu mfereji, mwanangu."

"Ni mto, Mjomba."

"Mto una upande mkali na upande mpole. Wako pande zote mbili sawa. Huu mfereji."

Ana haki. Maji yakifika kwenye kona hutupwa upande wa nje. Huko ndiko yanakokwenda kasi, yanachimba ukingo, yanaangusha miti. Upande wa ndani yanachoka, yanaweka mchanga. Ndiyo maana kona moja ina ukuta wa udongo mkono huu na fungu la mchanga mkono ule. Nimetumia siku tisa kulifundisha gemu jambo hili. Sasa kadiri kona inavyobana ndivyo mkondo unavyosogea nje na kuongeza mbio.

Kikatokea kitu ambacho sikukipanga. Mahali pazuri pa kuegesha mtumbwi siku zote ni kwenye mchanga, upande wa ndani. Na mamba nao, wakitaka jua la asubuhi, huota papo hapo. Kwa hiyo mapumziko na hatari vimejikuta nyumba moja, na sikuandika hata mstari mmoja wa kuvikutanisha.

10 Mei

Wiki mbili nimezipoteza kwa maji mazuri.

Masomo yote niliyoyapata ya kuchora maji yanafundisha maji ya buluu yanayopenya jicho, unaona changarawe na samaki chini. Nikayafuata hatua kwa hatua. Yakapendeza kama bwawa la hoteli, na laptopu ikaanza kuhema: fremu 14, yaani picha 14, kwa sekunde, feni inalia kama tuktuk iliyobeba watu wanne na gunia la unga. Maji ya kupenya ni ghali, kwa sababu kompyuta lazima ichore kwanza vilivyo chini, kisha iweke maji juu, kisha ichanganye rangi.

Jumanne nilikuwa na shughuli Mambrui. Matatu ilipofika katikati ya daraja la Sabaki nikachungulia chini, nikajiona mjinga. Chai ya maziwa! Chai ya maziwa iliyozidi majani. Ule ni udongo wa mashamba ya bara, unateremka na mvua hadi huku, na bahari yenyewe hubadilika rangi kwa ajili yake. Kusi likivuma tope linasukumwa kuelekea Mambrui. Kaskazi ikija linarudi upande wa Malindi mjini, na watalii wanauliza mapokezini kama bahari imeharibika. Nani aliyewahi kuona chini ya Sabaki wakati wa masika? Hakuna.

Nilifuta maji yote ya buluu usiku huohuo. Maji mapya ni kahawia, hayapenyi, na gemu imepanda hadi fremu 41. Lakini furaha hasa haikuwa hiyo. Nilipoucheza mto huo mpya mara ya kwanza, bila mamba, bila muziki, bila chochote, nilishika upondo kwa wasiwasi. Kila nilipouchovya nilikuwa nauliza kuna nini huko. Katika maji ya buluu nilikuwa naona hatari na kuikwepa. Hapa najua ipo, basi.

Sasa uso wa maji inabidi useme, la sivyo mchezaji atakufa bila kujua kosa lake, na hiyo si gemu, ni uonevu. Nikarudi kwa Mjomba na daftari. Alichora kwa kidole kwenye unga wa meza ya mahamri. Maji yakipita juu ya jiwe lililojificha hufanya alama kama ncha ya mkuki. Ncha ikikutazama wewe unayeshuka, jiwe lipo pale pale kwenye ncha. Ncha ikikupa kisogo, yaani inaelekea unakokwenda, hiyo ni njia kati ya mawe mawili, pita. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi kinyume, unaweza kupumzika hapo. Maji laini kama kioo ni kina. Maji yenye vikunjo vidogo vidogo ni mchanga karibu. Na mti ulioangukia mtoni usiusogelee hata kidogo: maji yatapita kati ya matawi, wewe hutapita.

Nimeyaingiza yote. Programu ndogo inayopaka maji rangi, wenyewe huiita sheda, sasa inapewa orodha ya mawe yaliyo karibu na kina cha kila moja, nayo inachora mikuki. Baada ya hapo niliondoa kwenye skrini ramani ndogo, mshale wa njia, na taa nyekundu ya hatari. Skrini imebaki karibu tupu. Mto ndio menyu.

24 Mei

Suala la mbwa limeamuliwa na Mama.

Katika ile gemu ya Wamarekani mbwa hubeba mkoba, na ukifa, vilivyomo vinabaki kwa ajili ya safari ijayo. Ni ujanja mzuri, nikauiga. Mama akapita na sahani ya wali, akaona mbwa amejilaza kwenye mtumbwi kando ya samaki.

"Na huyo atakaa chombo kimoja na chakula?"

"Ni gemu tu, Mama."

"Gemu ndiyo haina najisi?"

Sikuwa na jibu. Mbwa katoka, ameingia mbuzi. Nilidhani nimerudi nyuma, kumbe mbuzi ni bora. Mbuzi anakula, kwa hiyo inabidi umtafutie majani, kwa hiyo inabidi ushuke mtumbwini mara nyingi kuliko unavyotaka. Na mbuzi ana woga wenye akili: kama kuna mamba karibu na mchanga, anakita kwato, hashuki. Umsikilize au usimsikilize, shauri yako.

Hitilafu ya wiki: kamba ya nanga hutengenezwa kwa majani ya mkoma, na mimi kila kilichotoka kwenye majani nilikipa alama ya "majani". Usiku Kadzo akalala, mbuzi akala kamba, asubuhi mtumbwi haupo. Nilicheka hadi Mama akagonga ukuta. Sitairekebisha. Atakayetaka nanga yake salama amlishe mbuzi kwanza.

8 Juni

Nimekwenda mdomoni mwa Sabaki kurekodi sauti. Nilitoka kwa boda kabla jua halijachomoza, simu ndani ya mfuko wa plastiki, soksi ya sufu juu ya maikrofoni ili upepo wa kusi usile kila kitu. Ukilala kifudifudi nyuma ya kichuguu cha mchanga upepo unapungua, lakini mchanga unaingia mpaka kwenye meno.

Nimepata: heroe wakinong'ona kwenye tope, upepo ukichuna vilele vya mchanga, maji madogo yakilamba ukingo na kipande cha udongo kikianguka, chubwi, mara tatu kwa nusu saa. Na kiboko. Hakuonekana. Palisikika kitu kama mzee akicheka ndani ya pipa, kisha kimya, kisha karibu zaidi. Niliondoka kwa heshima zote. Kijana mmoja wa pale aliyekuwa akitega nyavu alinieleza kwamba kiboko akishtuka hukimbilia kina, hivyo mtu asikae kati yake na kina. Hiyo nimeiandika kama kanuni moja tu kwenye gemu: kiboko hana hasira, ana njia yake, na wewe usiwe kwenye njia hiyo. Nyuma yake kuna mstari wa mapovu. Ukiuona, bana ukingo.

Jambo la pili nililolipata sikulifuata. Ufuoni pale, takataka za mto mzima zimekusanyika. Mto Nairobi unamwaga kwenye Athi, na Athi ndio huu, kwa hiyo anachokitupa mtu kule mjini kina nafasi ya kufika kwetu. Nilihesabu ndara 19, na hazikupatikana mbili za jozi moja. Vifuniko vya chupa, dumu la mafuta lililopasuka, mdoli asiye na kichwa, nusu ya kiti cha plastiki. Nilikuwa sijui nimpe Kadzo vitu gani vya kuokota mtoni. Mwanzoni niliweka visanduku vya mbao vyenye alama, kama gemu zote. Vimetoka. Sasa vinavyoelea ni vile nilivyoviona asubuhi ile. Dumu ndicho kitu cha thamani kuliko vyote. Chupa tatu na kamba ni boya. Ndara ni moto: inawaka hata ikiwa imelowa kidogo, na inanuka vibaya, kila aliyewahi kuwasha jiko kwa plastiki anajua.

29 Juni

Stima ilipotea wakati nahifadhi. Siku nne zimekwenda. Sina la kusema zaidi, ila sasa nina nakala mbili, moja kwa dada yangu, kwenye kabati la nguo.

20 Julai

Majaribio ya kwanza na watu wa kweli. Niliomba saa mbili kwenye kibanda cha PS (PlayStation) cha jirani, vijana watano, kati ya miaka kumi na kumi na sita. Wote wamezoea mpira na magari.

Wa kwanza alifika kwenye jiwe, akagonga, akaniuliza: "Kaka, rivasi ni kitufe gani?"

Nikamwambia mto hauna rivasi. Akaniangalia kama niliyemuuzia pikipiki isiyo na injini.

Wote walikufa kabla ya Sala, pale mbuga inapoishia. Wawili waliingia kwenye mti ulioanguka. Mmoja alishuka kwenye mchanga mbuzi akiwa amekita kwato, akaliwa, akasema mbuzi angesema. Mmoja alikufa kwa kiu juu ya maji. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, hakuwa na haraka ya zamu yake. Alikuwa amekaa akitazama wenzake wanavyokufa. Akashika kidhibiti, akaacha mtumbwi uteleze, hakugusa chochote mpaka akaona ncha ya mkuki. "Hii inanitazama," akasema, akakwepa. Hakuna aliyemfundisha. Nilijifanya natafuta chaja begini.

Huyohuyo akauliza mbona nyumba zote zimejengwa ukingo wa kusini, na ukingo wa kaskazini kuna mawe ya mafiga tu na mbuyu. Nilifurahi kwamba kuna aliyeona. Mwaka wa 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wahame ardhi ya kaskazini ya Sabaki, mwaka mmoja baada ya Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu kuwapinga. Baadaye watu walirudi. Sijaandika neno la hilo kwenye gemu wala sitaandika. Mwambie bibi yako, nikamjibu, atakueleza.

17 Agosti

Yule aliyekufa kwa kiu amenipa kazi ya mwezi mzima. Kiu katika gemu nyingi ni kitufe: bonyeza, kunywa. Lakini maji ya Sabaki huwezi kuyanywa hivyohivyo, na ninyi nyote mliolelewa huku mnajua kuna hatua.

Sasa inakwenda hivi. Chota kwenye dumu, acha litulie. Tope zito linashuka, lakini maji yanabaki na utando wa chai. Saga mbegu za mlonge, tia, koroga. Unga wa mlonge hushika chembe za udongo zikagandamana, zikawa nzito, zikazama. Maji yanakuwa meupe, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu meupe si salama: mlonge hausafishi kila kijidudu, bado inabidi uchemshe. Moto unahitaji kuni kavu, na mto umefurika. Mchezaji mwenye pupa atakunywa akiona yamekuwa meupe. Homa inakuja kesho yake jioni, siyo papo hapo, ili asijue mara moja kosa lilikuwa wapi.

Nimeondoa kipimo cha kiu kwenye skrini. Badala yake Kadzo anaanza kukohoa kidogo, na upondo unakuwa mzito. Kipimo cha njaa nacho nimekitoa. Cha usingizi nilishakitoa Juni, nikasahau kuandika.

14 Septemba

Mjomba ameimaliza gemu. Wa kwanza! Miwani puani, saa tatu na nusu, vikombe saba vya kahawa tungu. Alipita Chakama, akapita Baricho, akapita chini ya daraja, akafika mdomoni, mawimbi yakasikika, skrini ikafifia, majina yakatokea, jina langu mara sita na la Mama mara moja.

Hakusema kitu. Akaweka kidhibiti chini.

"Hapa umekosea."

Nilikuwa nangoja aseme pazuri.

"Maji yako yanakwenda baharini saa zote?"

"Mto, Mjomba. Unakwenda wapi tena?"

"Na bahari ikijaa?"

Nimezaliwa hapa. Nimeogelea pale mdomoni nikiwa na miaka minane, na nilijua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Miezi mitano nikawa naandika kwamba mto unakwenda upande mmoja, mpaka nikajiaminisha.

5 Oktoba

Mdomo umeandikwa upya. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa inasogea karibu dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, bahari inasukuma kwa nguvu. Katikati ni maji mafu. Mwezi ulikuwepo angani tangu Mei, niliuchora kwa urembo tu. Sasa unafanya kazi. Atakayekuwa ameutazama safari nzima atajua siku ya kufika. Na maji ya kunywa inabidi awe nayo kwenye dumu, kwa kuwa bahari ikiingia mtoni chumvi inaingia nayo, milonge yote ya Kilifi haitamsaidia.

Gemu ilikataa katakata. Ilikuwa inagawanya umbali kwa kasi ya maji ili ijue vipande vingapi vya mto vitengenezwe mbele. Maji yakisimama, kati ya kujaa na kupwa, kasi ni sifuri, na jibu linakuwa namba isiyo na mwisho. Laptopu ikaanza kutengeneza mto usio na mwisho, ikaganda, ikanuka. Hilo nililirekebisha kwa mstari mmoja.

La pili lilinishinda wiki mbili. Bahari ikajaa, mtumbwi ukaanza kurudi, nikaruka kwa furaha, kisha Kadzo na mbuzi wake wakaingia kwenye weupe. Hakuna ukingo, hakuna maji, hakuna mbingu. Nikachunguza: tangu Aprili gemu inafuta kila kipande cha mto ukishakipita, ili kuokoa RAM. Kwa nini kihifadhiwe, si mto hauna rivasi? Nyuma ya mchezaji hapakuwa na mto hata siku moja.

Sasa vipande vitatu vya mwisho vinabaki. Jana usiku nilimfikisha Kadzo mdomoni saa mbovu kwa makusudi. Bahari ikamrudisha taratibu, akapita tena fungu la mchanga alilolikimbia mchana, safari hii akilitazama kwa upande wa pili. Mamba alikuwa ameondoka. Nikamwegesha, nikamkatia mbuzi majani, nikangoja maji yapwe. Saa sita za gemu ni dakika kumi na mbili za kwetu. Sikuweka kitufe cha kuziruka.

Fremu 38. Kilichobaki ni sauti: maji yakigeuka yana mlio wake, na kwenye rekodi zangu haumo. Mjomba amesema bamvua ijayo tutoke pamoja, usiku, na nisisahau soksi.